Kufuli la Usukani: Jambo la Kwanza la Kukaguliwa kabla ya Kuvuta Gari Bovu

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma huingia Wilaya ya Kilolo kwa upande wa Ruaha Mbuyuni, hupita Mtandika, kisha hupanda Mlima Kitonga kuelekea Ilula. Kutokana na wingi wa malori, mabasi na magari madogo yanayoitumia, pamoja na mwinuko na kona kali za mlima huo, gari lililoharibika kando ya barabara si jambo geni kwa wakazi wa maeneo hayo. Hali ni hiyo hiyo katika barabara za ndani ya wilaya, ambako magari hubeba nyanya, vitunguu, viazi na mbao kwenda sokoni. Mara nyingi msaada wa kwanza hautoki kwa gari maalumu la kukokota magari mabovu. Hutoka kwa jirani, au kwa dereva mpita njia mwenye kamba na moyo wa kusaidia.

Moyo huo ni wa kupongezwa. Hata hivyo, kuna kifaa kimoja kidogo ambacho kisipofunguliwa huweza kuugeuza msaada kuwa ajali. Kifaa hicho ni kufuli la usukani, ambalo madereva na mafundi wengi huliita loki ya stelingi. Makala haya yanaeleza kufuli hilo linavyofanya kazi, namna ya kulifungua kwa usalama kabla ya gari kuvutwa, na mazingira ambayo gari halipaswi kuvutwa kwa kamba hata kidogo.

Kufuli lililowekwa kwa ajili ya mwizi

Kufuli la usukani liliwekwa kwenye magari ili kuzuia wizi. Nchini Marekani, kampuni ya General Motors iliiweka swichi ya kuwashia gari pamoja na kufuli hilo kwenye nguzo ya usukani katika magari yake ya mwaka 1969. Kuanzia mwaka 1970, kanuni za nchi hiyo zikataka kwamba ufunguo ukitolewa, injini isiweze kuwashwa, na aidha usukani usiweze kugeuzwa au gari lisiweze kwenda mbele kwa nguvu zake. Nchi nyingine zilikuwa na masharti ya aina hiyo, na leo kufuli la usukani limo katika magari mengi yaletwayo nchini kutoka Japani, yakiwa mapya au yaliyokwisha kutumika.

Utendaji wake si mgumu kuuelewa. Ndani ya nguzo ya usukani kuna shafti inayozunguka pamoja na usukani, na shafti hiyo ina mifereji au matundu. Pembeni yake, karibu na swichi, kuna pini ya chuma inayosukumwa na springi. Ufunguo ukiwa ndani na ukiwa umezungushwa, pini huvutwa nyuma na shafti huwa huru. Ufunguo ukichomolewa, pini huachiliwa, nayo husubiri mfereji ufike mbele yake. Ukifika, pini huchomoka na kuingia ndani, na usukani hukwama.

Neno la kuzingatia hapo ni kwamba pini husubiri. Usukani haukwami lazima papo hapo ufunguo unapotolewa. Magurudumu yakiwa yamenyooka, pini inaweza kuwa imeegemea sehemu ya shafti isiyo na mfereji. Gari likianza kuvutwa katika hali hiyo, litafuata vizuri kwenye barabara iliyonyooka, na wote wawili, aliye mbele na aliye nyuma, wataamini kwamba mambo ni salama. Kwenye kona ya kwanza usukani utageuzwa, mfereji utakutana na pini, na kufuli litafunga. Kuanzia hapo gari la nyuma haliongozwi tena na mtu. Litaifuata kamba, litakwenda upande wa magari yanayokuja, au litaelekea bondeni.

Kufuli halimtambui mwizi wala halimtambui msamaria mwema. Linatambua ufunguo peke yake.

Hofu ya wizi na hatari ya barabarani

Wapo wenye magari ambao, gari linapoharibika, huchomoa ufunguo na kuutia mfukoni, kisha hupanda gari la mbele ili waelekeze njia ya kwenda gereji. Nia yao ni kulinda mali. Wapo pia wanaomweka utingo, au kijana asiyejua kuendesha, akae kwenye kiti cha dereva wa gari bovu kwa hoja kwamba injini imezimwa na hakuna kazi ya kufanya.

Tabia zote mbili ni za hatari. Kuongoza gari linalovutwa ni kazi ngumu kuliko kuendesha gari zima. Injini ikiwa imezimwa, usukani unaosaidiwa na pampu ya injini huwa mzito sana na huhitaji nguvu za mikono miwili. Breki nazo hupoteza msaada wake. Baada ya kukanyagwa mara mbili au tatu, pedali huwa ngumu, na dereva hulazimika kutumia nguvu nyingi zaidi ili kulipunguza gari mwendo. Anayekaa hapo anapaswa kuwa dereva mwenye leseni, mzima wa akili na mwili, aliyefunga mkanda na asiyekuwa na kilevi kichwani.

Hesabu ndogo inaonyesha sababu. Gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa husafiri zaidi ya mita 8 kwa kila sekunde. Kamba ikiwa na urefu wa mita 4, dereva wa nyuma ana takribani nusu sekunde ya kutenda iwapo gari la mbele litasimama ghafla. Huo si muda wa kuanza kutafuta ufunguo ulipo.

Hivyo basi, kanuni ya kwanza ni fupi: gari linalovutwa kwa kamba au kwa chuma, magurudumu yote yakiwa chini, lazima liwe na ufunguo ndani ya swichi na dereva kwenye usukani. Mwenye gari anayehofia mali yake na akae mwenyewe kwenye usukani huo, au amkabidhi dereva anayemwamini.

Kulifungua kufuli hatua kwa hatua

Kabla ya kugusa usukani, gari lazima lizuiwe lisitembee. Breki ya mkono ivutwe, na magurudumu yawekewe vizuizi. Pembetatu za tahadhari ziwekwe mbali vya kutosha, mbele na nyuma ya gari, ili dereva anayetokea kwenye kona azione mapema. Taa za hazadi ziwashwe. Iwapo mawe yametumika kama vizuizi au matawi ya miti kama tahadhari, yaondolewe barabarani mara kazi inapokwisha, kwa kuwa jiwe lililoachwa ni ajali ya mtu mwingine.

Hatua inayofuata ni kuingiza ufunguo. Katika magari mengi swichi ina alama nne: LOCK, ACC, ON na START. Kwenye LOCK ndipo ufunguo hutoka na ndipo kufuli hufunga. Ufunguo unapozungushwa hadi ACC, kufuli hufunguka na redio hupata umeme, ingawa injini haijawashwa. ACC hutosha kwa kufungua usukani. Iwapo indiketa zinahitajika na betri ina nguvu, ufunguo unaweza kuwekwa ON, lakini ikumbukwe kwamba hali hiyo humaliza betri haraka zaidi.

Wakati mwingine ufunguo hukataa kuzunguka. Mara nyingi sababu si ubovu. Magurudumu yaliyoachwa yakiwa yamekunjwa huusukuma usukani upande mmoja, na shafti huibana pini ndani ya mfereji. Suluhisho ni kutumia mikono yote miwili kwa pamoja: mkono mmoja uzungushe ufunguo polepole, na mwingine uutikise usukani kidogo kidogo kushoto na kulia. Shafti ikiacha kuibana pini, ufunguo utazunguka wenyewe kwa wepesi. Ufunguo usilazimishwe kwa koleo wala kwa bisibisi, kwa maana ukikatikia ndani, tatizo dogo litakuwa kubwa.

Baada ya hapo ufanyike ukaguzi ambao wengi huuruka. Usukani ugeuzwe kadiri uwezavyo kwenda upande mmoja, kisha upande wa pili, ili kuhakikisha kwamba pini imetoka kabisa. Ukiwa mzito, hiyo ni kawaida kwa gari lililozimwa. Ukigota mahali pamoja ghafla, kufuli bado limefunga, na gari lisivutwe.

Mwisho, gia iwekwe huru, yaani frii kama wasemavyo madereva. Breki ya mkono na vizuizi viondolewe tu pale ambapo dereva yuko kwenye kiti chake na gari la mbele limekwisha kuunganishwa. Safari inapokwisha, utaratibu ugeuzwe: breki ya mkono kwanza, vizuizi pili, na ufunguo uchomolewe mwisho.

Katika magari mengi ya Japani yenye gia za kawaida, ufunguo hauwezi kurudi kutoka ACC hadi LOCK mpaka usukumwe ndani kwanza. Hiyo ni kinga iliyowekwa makusudi ili dereva asifunge usukani kwa bahati mbaya gari likitembea. Lakini swichi iliyochakaa hupoteza kinga hiyo. Gari ambalo ufunguo wake hutoka hata ukiwa ACC au ON lina swichi isiyopaswa kuaminiwa, nalo lipelekwe kwa fundi kabla halijaharibika njiani. Aidha, rundo la funguo nyingine linaloning'inia liondolewe ili lisiuvute ufunguo wakati gari linarukaruka kwenye mashimo.

Magari ya otomatiki na yanayowashwa kwa kitufe

Magari ya gia za otomatiki yana sharti la ziada. Katika mengi yao, ufunguo hautoki mpaka gia iwe kwenye P, na gia haitoki kwenye P mpaka swichi iwe ON na pedali ya breki iwe imekanyagwa. Betri ikiwa imekufa, gia inaweza kukataa kutoka. Magari mengi yana kitufe au tundu dogo karibu na mkono wa gia kwa ajili ya kuiachia katika dharura, na kitabu cha gari huonyesha mahali kilipo.

Hata gia ikiwa huru, gari la otomatiki halipaswi kuvutwa ovyo. Mafuta ya giaboksi ya aina hiyo husukumwa na pampu inayoendeshwa na injini. Injini ikiwa imezimwa huku magurudumu yanayoendeshwa yakizunguka, giaboksi hukosa mafuta na huweza kuungua. Watengenezaji wengi hukataza kabisa kuvuta gari la namna hiyo magurudumu hayo yakiwa chini, au huruhusu umbali mfupi kwa mwendo mdogo tu. Gari kama hilo linafaa kupakiwa juu ya gari la kubebea.

Magari yanayowashwa kwa kitufe yana jambo jingine. Katika baadhi yao kufuli la usukani huendeshwa kwa umeme. Hakuna ufunguo wa kuzungusha, na betri ikiisha nguvu, usukani haufunguki hata kama mwenye gari anayo rimoti mkononi. Njia sahihi ni kuibusti betri kwa betri ya gari jingine, kisha kuliweka gari katika hali ya ACC au ON kama kitabu chake kinavyoelekeza. Baadhi ya magari haya hujizima yenyewe baada ya muda, hasa gia ikiwa kwenye P. Katika magari mengi ya aina hii, likisha kuzimwa, kufungua mlango wa dereva hutosha kufunga usukani. Kwa hiyo gari lisizimwe njiani, na betri isitolewe kwa sababu yoyote mpaka lifike.

Kufuli lisipofunguka

Ufunguo uliopotea au uliovunjika humjaribu mtu kuvunja kufuli kwa nguvu. Wapo wanaoupinda usukani hadi pini ikatike. Njia hiyo haifai. Vipande vya pini na springi yake hubaki ndani ya nguzo ya usukani, na vinaweza kuingia tena kwenye mfereji wakati wowote, pengine siku nyingi baadaye gari likiwa kwenye mwendo. Tena, gari linalovunjwa kufuli kando ya barabara huwafanya wananchi na polisi wadhani ni gari la wizi, na wana haki ya kuuliza.

Gari ambalo usukani wake haufunguki lipakiwe zima juu ya gari la kubebea. Iwapo lipo gari la kuinua upande mmoja tu, magurudumu ya mbele ndiyo yainuliwe, na ya nyuma yabaki chini pale aina ya gia inaporuhusu. Si sahihi kuinua nyuma na kuliacha kufuli la usukani liyashike magurudumu ya mbele yasipinde. Pini hiyo haikutengenezwa kwa kazi hiyo na inaweza kukatika njiani. Mahali ambapo hakuna njia nyingine, usukani uliofunguliwa hufungwa kwa kifaa maalumu kinachoushika ukiwa umenyooka, na hiyo ni kazi ya wataalamu wa kukokota magari.

Bajaji na pikipiki nazo zina kufuli, nalo hukamata mpini ukiwa umekunjwa upande. Kwa kuwa vyombo hivi hufungwa vikiwa vimepinda, ni rahisi kugundua kwamba kufuli halijafunguliwa. Hata hivyo pikipiki haifai kuvutwa kwa kamba, kwa sababu kamba ikivuta mpini upande, mwendeshaji huanguka. Ipakiwe kwenye gari.

Kamba, chuma na mteremko

Kufungua usukani ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni namna ya kuunganisha. Kamba au mnyororo hufungwa kwenye kulabu iliyowekwa na mtengenezaji, na baadhi ya magari madogo hubeba pete ya kufungia pamoja na spana zake. Kufunga kwenye bampa au kwenye vyuma vya usukani ni kuviharibu. Kitambaa chekundu kifungwe katikati ya kamba ili waendao kwa miguu na wa bodaboda waione.

Kamba huvuta, lakini haisukumi na haizuii. Kwenye mteremko, gari la nyuma hutegemea breki zake lenyewe, nazo zimepungua nguvu. Kwa sababu hiyo hakuna gari lenye breki dhaifu linalopaswa kuteremshwa Kitonga kwa kamba. Chuma cha kuvutia kisichopinda ni bora, kwa kuwa breki za gari la mbele huweza kusaidia kulizuia la nyuma, ilimradi gari la mbele liwe zito na lenye nguvu kuliko linalovutwa.

Malori yenye breki za upepo yana tahadhari yake. Upepo ukiisha, springi ndani ya chemba za breki hufunga magurudumu, na lori halisogei. Fundi anaweza kuunganisha upepo kutoka lori la mbele, au kukaza boliti ya chemba ili kuirudisha springi. Njia hiyo ya pili huondoa breki katika gurudumu husika. Lori lililofanyiwa hivyo halina budi kuvutwa kwa chuma na gari maalumu, na chemba zirudishwe katika hali yake kabla ya lori kuendeshwa tena.

Madereva wawili wakubaliane ishara kabla ya kuondoka: ipi ni ya kusimama, ipi ni ya kupunguza mwendo. Mwendo uwe mdogo, kona zikatwe kwa upana, na abiria wasipande gari linalovutwa. Watoto wasikae karibu na kamba iliyokazwa, maana ikikatika hurudi kwa nguvu inayoweza kumjeruhi mtu vibaya.

Pale msaada unapozidi uwezo

Gari likiwa limefunga njia, limeinamia bondeni, limebeba mafuta au lina majeruhi, si kazi ya kamba ya jirani. Wananchi wapige simu Polisi kwa namba 112, au Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114, na waeleze kwa usahihi mahali lilipo, upande wa barabara na aina ya gari. Kuwasubiri wataalamu kwa saa moja ni gharama ndogo kuliko kuwaita baadaye kwa ajili ya magari mawili.

Kwa matatizo mengine ya kawaida, wananchi wa Kilolo wataendelea kusaidiana barabarani kama walivyozoea. Anayefunga kamba na aulize kwanza maswali mawili: ufunguo uko wapi, na nani anakaa kwenye usukani? Majibu yakiwa kwamba ufunguo umo ndani ya swichi na dereva yupo kwenye kiti, na usukani umegeuzwa pande zote mbili bila kugota, safari ya gereji inaweza kuanza.